Mkuu wa dizaini wa siku chache: mwongozo kwa kampuni za Arusha na Moshi

Kampuni ya kawaida ya utalii Arusha, yenye magari sita au kumi, haikosi dizaina. Yupo kijana wa ofisini anayetengeneza posti za Instagram na ratiba za wageni, na yupo mwingine wa nje anayeitwa tovuti ikikwama. Asiyekuwepo ni mtu wa kuwasimamia. Kwa hiyo rangi ya mlango wa Land Cruiser inaamuliwa na fundi wa stika kulingana na rola aliyobaki nayo, nembo ya kwenye sare inaamuliwa na fundi wa kudarizi, na ukurasa wa mbele wa tovuti unaamuliwa na mgeni wa mwisho kulalamika. Kila mmoja kafanya kazi yake vizuri, na kampuni imeishia kuwa na sura nne.

Anayekosekana hapo ni mkuu wa dizaini, yaani mtu wa kuamua kampuni ionekaneje, isomekeje na itumikeje, kisha akasimamia uamuzi huo hata pale mkurugenzi anaporudi na wazo jipya aliloliona Nairobi. Kumwajiri mtu wa kiwango hicho kwa mshahara wa kila mwezi ni mzigo ambao kampuni ya watu ishirini haiwezi kuubeba. Ndiyo maana mtindo wa kumchukua kwa mkataba wa siku chache kwa mwezi unazidi kukua duniani, na hapa kwetu unafaa kuliko watu wanavyodhani. Naandika kwa ajili ya mwenye kampuni, iwe ya safari, kahawa, hoteli, shule binafsi au programu za simu. Dizaina anayetaka kuuza huduma hii naye asome, ajue mteja mwerevu atamuuliza nini.

Mtindo wenyewe una umri

Mwaka 1907 kampuni ya umeme ya AEG ya Ujerumani ilimchukua Peter Behrens kuwa mshauri wake wa sanaa. Alibuni nembo, mabango, taa, mabirika na hata jengo la kiwanda cha turbini, huku akiendelea kuendesha ofisi yake mwenyewe. Mwaka 1956 Thomas Watson Mdogo, aliyekuwa bosi wa IBM, alimtaka Eliot Noyes aje kuongoza dizaini ya kampuni nzima. Noyes alikubali kazi, akakataa ajira. Alibaki mshauri wa nje mpaka alipofariki mwaka 1977, na katika miaka hiyo alizishauri pia Westinghouse na Mobil. Nembo ya IBM tunayoijua leo ilichorwa na Paul Rand, aliyeletwa na Noyes. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2019 Jony Ive, mkuu wa dizaini wa Apple, alitangaza kuondoka huko na kuanzisha kampuni yake ya LoveFrom, na mteja wake mkubwa wa mwanzo akawa Apple ileile, hadi mkataba huo ulipofika mwisho mwaka 2022.

Kilichobadilika siku hizi ni ukubwa wa mteja. Zamani mtindo huu ulikuwa wa majitu. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 kampuni za teknolojia za Marekani zilianza kupunguza watu kwa maelfu (Meta pekee ilitangaza kuwaondoa 11,000 Novemba 2022, na Google 12,000 Januari iliyofuata). Madizaina wazoefu waliojikuta nje wakaanza kuuza uongozi wao kwa siku, kwa kampuni ndogo ambazo zisingewapata kwa njia nyingine. Programu za kuchorea zikawa za mtandaoni, kiasi kwamba mtu aliye Moshi na mwenzake wa Dar es Salaam wanagusa faili moja kwa wakati mmoja. Mengine yakafuata.

Hatua ya 1: Tandaza kila kitu mezani

Kabla ya kumtafuta mtu, hakikisha ugonjwa wako ni huu. Chagua asubuhi moja, uchukue meza kubwa ya mikutano na uweke juu yake kila kitu chenye nembo yako: kadi, kipeperushi, ratiba ya safari uliyomtumia mgeni wiki iliyopita, ankara, sare, kofia, mfuko wa kahawa kama unauza kahawa, picha za magari yote, na kurasa za tovuti zilizochapishwa kama zinavyoonekana kwenye simu. Usichague vile vizuri tu. Chukua vilivyo kwenye matumizi.

Kisha jiulize maswali mawili. La kwanza: mgeni akiviona hivi kimoja kimoja, bila jina, angejua ni vya kampuni moja? La pili, na hili ndilo gumu: kwa kila kimoja, nani aliamua kiwe hivi? Andika jina la mtu kwenye kikaratasi na ukibandike. Ukikuta majina sita, au ukikuta vingi vimeandikwa "sijui", unahitaji uongozi. Ukikuta jina ni lako kila mahali na vitu vinafanana, lakini vimechelewa miezi mitatu, basi unachohitaji ni mikono. Ajiri dizaina mwingine na usiendelee na mwongozo huu. Wengi wanachanganya mambo haya mawili, na gharama yake ni kumlipa mtu mzito kutengeneza posti za Idi na Pasaka.

Hatua ya 2: Andika maamuzi unayomkabidhi

Watu wengi huanza kwa kuandika orodha ya kazi: tovuti mpya, kipeperushi, stika za magari. Ukimpa orodha ya kazi, atazifanya na kuondoka, na baada ya miezi sita mtarudi kwenye sura nne. Mtu wa siku chache hana mikono ya kutosha kwa orodha hiyo hata hivyo. Anachouza ni maamuzi, kwa hiyo karatasi yako iwe ya maamuzi.

Gawa karatasi mara tatu. Sehemu ya kwanza ni yale anayoamua peke yake na wewe unaarifiwa tu. Kwa kampuni ya safari yanaweza kuwa haya: nembo ipi ni halali na nani anaruhusiwa kuigusa, picha zipi zinaingia kwenye tovuti na zipi hazistahili hata kama ulizipiga wewe, mpangilio wa ratiba anayotumiwa mgeni, fomu ya kuomba bei iulize maswali mangapi, kazi ya kuprinti iende kwa nani, na sampuli ikikataliwa irudi mara ngapi. Sehemu ya pili ni yale mnayoamua pamoja: kumwajiri dizaina mpya, kubadilisha rangi kuu ya kampuni, kuanza tovuti upya. Ya tatu inabaki kwako: bei, bajeti, jina la kampuni.

Kuna mambo yanayofanana na dizaini ambayo hayana mjadala wa ladha, na hayo yatenge kabisa. Mfuko wa kahawa inayosagwa Moshi una upande wa mbele, ambao ni wa dizaina kuamua, na una maelezo ambayo Shirika la Viwango (TBS) linayataka yawepo, kama uzito halisi, tarehe na mzalishaji. Dizaina anaamua maelezo hayo yakae wapi na yasomeke vipi. Hana ruhusa ya kuyaondoa ili mfuko upendeze.

Karatasi hii ndiyo moyo wa mpango mzima. Kama mkono wako unakuwa mzito kuandika chochote kwenye sehemu ya kwanza, subiri kwanza. Noyes alikuwa na nguvu IBM kwa sababu alizungumza moja kwa moja na bosi wa juu, na kila idara ilijua hivyo. Mkuu wa dizaini anayepaswa kupeleka kila rangi kwa meneja wa masoko, kisha kwa mhasibu, kisha kwa shemeji yako, ni dizaina wa kawaida anayelipwa bei kubwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya siku na hela

Hapa wenye kampuni hukosea kwa kugawanya mshahara kwa siku 22. Tufanye mfano, na namba hizi ni za kufundishia tu. Tuseme mkuu wa dizaini wa kuajiriwa angelipwa shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Ongeza mchango wa mwajiri wa NSSF wa asilimia 10, inakuwa 3,300,000, sawa na 39,600,000 kwa mwaka. Siku za kazi kwa mwaka ni kama 260. Toa likizo ya siku 28 mfululizo ambayo ni haki yake kisheria, yaani siku 20 za kazi, na sikukuu tuseme 15. Zinabaki 225. Siku moja ya kazi yake inakugharimu 176,000, wala si kama 136,000 unayoipata ukigawanya 3,000,000 kwa 22, na hapo hatujahesabu kompyuta, bima wala tozo nyingine za mwajiri.

Kwa hiyo mtu wa nje akikutajia 250,000 kwa siku, usishtuke. Likizo, bima, ugonjwa, umeme ukikatika na wiki asizokuwa na mteja, yote anajibebea mwenyewe. Ukimchukua siku 5 kwa mwezi unalipa 1,250,000, chini ya nusu ya ile 3,300,000, na siku hizo tano ni za mtu aliyeiva.

Siku ngapi zinatosha? Kwa kampuni ya watu kumi hadi thelathini yenye dizaina mmoja au wawili, siku nne au tano kwa mwezi zinatosha baada ya miezi miwili ya mwanzo. Zikiwa chini ya tatu kwa wastani wa mwaka, anakuwa mgeni anayepita kusalimia. Zikifika kumi, kaa chini ufikirie upya kama hujafika wakati wa kuajiri.

Halafu usizigawe sawa kwa mwaka mzima. Kazi za kaskazini zina msimu wake. Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimejaza matope njia za mbuga, ofisi za utalii zimetulia, madereva wapo mjini, magari yamepaki na yanaweza kuvuliwa stika. Huo ndio wakati wa kumpa siku nyingi, na mkitaka kuwa tayari kwa maonesho ya Karibu-Kilifair ya Juni, hakuna wakati mwingine. Julai hadi Oktoba hakuna mtu atakayekujibu hata barua pepe. Siku mbili kwa mwezi zinatosha. Anayeuza kahawa ana kalenda yake, kwa kuwa mavuno mlimani huanza karibu Julai, hivyo mifuko mipya iwe imekubaliwa kabla ya hapo. Shule binafsi wanajua wenyewe: Oktoba na Novemba, kabla wazazi hawajaanza kuzunguka kutafuta nafasi.

Hatua ya 4: Mtafute, umjaribu kwa kulipa

Usimtafute kwa tangazo la kazi, maana utapata barua mia za vijana wanaojua programu zote na hawajawahi kumkatalia bosi jambo. Uliza wenye kampuni wenzako. Uliza wachapaji wa Arusha ni nani huleta faili zisizo na matatizo. Mji huu una taasisi za kimataifa, kuanzia Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi Mahakama ya Afrika, na una mashirika mengi yanayotegemea wafadhili. Watu wa mawasiliano na dizaini wa huko wamezoea kusimamia wengine, na mradi unapoisha wengi hawataki kuhamia Dar. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi naye anafaa, ila awe tayari kuja kwa macho yake walau mara moja kwa mwezi. Huwezi kuhukumu stika ya gari kwa picha ya WhatsApp.

Ukikaa naye, mwache aonyeshe kazi zake kwa dakika kumi, kisha uliza mambo ambayo hayamo kwenye picha. Muombe akueleze kazi aliyoizuia isitoke, na mwenye kampuni alisemaje. Muulize dizaina aliyekuwa chini yake yuko wapi leo. Muulize ana wateja wangapi sasa hivi na siku zipi tayari ni za wengine. Anayejibu la kwanza kwa mfano halisi, wenye majina ya vitu na sababu, ni mtu wa maana. Anayesema hajawahi kuzuia kazi amekuwa mikono maisha yake yote. Hakuna aibu katika hilo, lakini si unachotafuta.

Usimwambie akuchoree nembo ya bure ili uone. Wazuri watakukatalia, na atakayekubali umeshamjua. Mlipe siku moja au mbili aje akague vile vitu vya mezani, akuandikie kurasa mbili: nini kiachwe, nini kifutwe, nini kianze. Kurasa hizo ni mali yako hata msipoendelea.

Hatua ya 5: Mkataba

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kwenye mkataba ndipo watu wenye nia njema hufikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi.

Kwanza, jueni ni mkataba wa huduma au wa ajira. Kuandika juu ya karatasi "huyu si mfanyakazi" hakumalizi jambo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikiwepo hata kimoja kati ya vigezo kadhaa, bila kujali mkataba umeitwaje. Vigezo hivyo ni pamoja na wewe kumwelekeza namna ya kufanya kazi, kumpangia saa, kumpa vitendea kazi, yeye kukutegemea wewe kiuchumi, kukufanyia kazi wewe tu, na kukufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita.

Tazama hiyo saa 45. Siku tano za saa nane ni saa 40. Siku sita ni 48. Siku mbili kwa wiki, mpango ambao kila mtu huutaja kwanza kwa kuwa unaingia vizuri mdomoni, ni karibu saa 69. Kwa kuwa sheria inatazama wastani wa miezi mitatu, siku nane za Aprili zikifuatwa na nne za Mei na tatu za Juni bado ni wastani wa saa 40. Usiichukulie namba hii kama kinga, kwa sababu vigezo vingine vinasimama peke yake. Maana yake kwako ni hii: aje na laptopu yake, ajipangie namna ya kufanya kazi, na asizuiwe kuwa na wateja wengine. Kama moyo wako unataka awepo saa mbili kamili asubuhi na asaini daftari la mahudhurio, basi umwajiri rasmi kwa siku chache za wiki, ulipe michango yake, na mtakuwa salama wote wawili. Kwa mkataba wowote unaozidi miezi michache, mlipe wakili ausome. Laki chache za leo ni rahisi kuliko shauri la kesho.

Hilo la wateja wengine huwatisha sana watu wa utalii, kwa sababu kampuni za safari Arusha zimebanana. Jirani yako wa Njiro anauza Serengeti ileile kwa Wajerumani walewale. Usimfungie soko zima. Andika kwamba kwa muda wa mkataba hatafanya kazi na kampuni nyingine ya safari za kaskazini, kwa mfano, lakini hoteli, kahawa, shule na benki ni ruksa. Kizuizi hicho kina thamani, kwa hiyo atakiweka kwenye bei yake, na ni haki yake.

Pili, mali. Andika wazi kwamba kazi yote aliyolipwa ni ya kampuni, pamoja na faili za asili zinazoweza kuhaririwa, siyo PDF tu. Fonti na picha za kununua zinunuliwe kwa jina la kampuni. Jina la tovuti linaloishia na .co.tz lisajiliwe kwa kampuni na kwa barua pepe ya kampuni. Hili liangalie leo hata kama huna mpango wa kumchukua mtu, maana ni ajabu ni majina mangapi yako kwenye barua pepe za vijana walioacha kazi zamani. Nembo ikishatulia, isajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kila miaka 10, na mwombaji awe kampuni, asiwe dizaina.

Tatu, taarifa za wageni. Faili za kupanda Kilimanjaro zimejaa nakala za pasipoti na fomu za afya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakubana wewe unayezikusanya. Akitaka kuona wageni huuliza nini ili arekebishe tovuti, mpe maswali yao bila majina.

Nne, malipo. Atoe ankara na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kama anavyotakiwa, na wewe ukate kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi, uiwasilishe TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha na umpe hati yake. Mwambieni hili kabla ya kusaini. Dizaina anayesubiri 1,250,000 na kupokea 1,187,500 bila maelezo ataanza mwezi wa pili akiwa amenuna.

Mengine ni ya haraka. Muda wa kwanza uwe miezi mitatu. Notisi siku 30 kwa pande zote. Siku ambazo hukuzitumia zisihamie mwezi ujao zaidi ya mara moja. Nauli ya kwenda Karatu au Marangu kukagua loji ni juu yako.

Hatua ya 6: Mtambulishe, na uanze na waliomtangulia

Dizaina wako wa ofisini ataamini mgeni amekuja kumtoa. Zungumza naye kabla, uso kwa uso, asije akasikia kwenye kikao. Kisha siku ya utambulisho sema jambo moja mbele ya wote: "Huyu ni dada yetu, atakuwa nasi Jumanne. Kwenye mambo ya mwonekano wa kampuni, neno lake ni langu." Sentensi hiyo isemwe na mkurugenzi mwenyewe. Ikisemwa na meneja haina uzito.

Kampuni nyingi za huku ni za familia, na hapo ndipo wazoefu kutoka nje hukwama. Rangi ile ya machungwa kwenye loji aliichagua mama mwenye nyumba miaka hiyo, kabla hata hamjawa na umeme wa uhakika. Mkuu wa dizaini mwenye busara hataanza kwa kuleta rangi mpya. Atakwenda kukaa naye.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeanzisha hapa."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Ile rangi ya ukutani nimeipenda nikataka kujua. Uliichagua kwa nini?"

Atapata jibu ambalo hakuna mtu ofisini analijua. Pengine rangi ilikuwa ya bei nafuu dukani, na mama mwenyewe hajaipenda siku zote. Pengine ina maana kwa familia, na sasa dizaina anajua ni kitu gani hakiguswi. Vyovyote iwavyo, akirudi na pendekezo mwezi unaofuata, mama hatakuwa wa kwanza kulipinga.

Hatua ya 7: Mpe siku yake utaratibu

Siku ya mkuu wa dizaini ikiachwa wazi italiwa na maswali madogo. Asubuhi apitie kazi zote zilizotengenezwa tangu alipoondoka, akiwa amekaa na dizaina wako, kila uamuzi ukisemwa pamoja na sababu yake. Hilo lisirukwe hata siku ya haraka, maana ndilo linalomkuza kijana. Mchana afanye kazi moja nzito. Jioni, nusu saa na mkurugenzi, milango imefungwa, simu zimewekwa pembeni.

Kwa siku ambazo hayupo, wekeni waraka mmoja wa maswali yanayosubiri. Kundi la WhatsApp liwe la dharura, na dharura iwe na maana moja: kitu kinachokwenda kuprintiwa leo. Vinginevyo utakuta umenunua siku tano na unatumia thelathini, na yeye ataanza kujibu "sawa" kwa kila kitu ili alale.

Kwenye kuprinti muwe wakali. Hakuna kazi kubwa inayoingia mashineni bila sampuli ya karatasi iliyosainiwa naye. Stika ya gari ibandikwe mlango mmoja kwanza, gari liende porini safari moja, lirudi na vumbi na jua lake, ndipo mseme ndiyo kwa magari tisa yaliyobaki.

Hatua ya 8: Pima

Usimpime kwa wingi wa kazi. Tazama kazi ngapi zimerudiwa kuprintiwa kwa makosa, ratiba ya mgeni inachukua muda gani tangu aombe hadi aipate, na maombi mangapi ya tovuti yanafika yakiwa na taarifa za kutosha kutoa bei. Kipimo kikubwa kuliko vyote ni dizaina wako: baada ya miezi mitatu, anaamua mambo gani peke yake ambayo mwanzoni alikuwa anauliza? Kama jibu ni hakuna, zungumzeni kabla ya kuongeza mkataba.

Hatua ya 9: Kumaliza

Mkataba wa namna hii ni wa kuisha. Mwezi wa mwisho usiwe na kazi mpya hata moja. Utumike kuandika mwongozo mfupi wa mwonekano wa kampuni, kwa Kiswahili, ambao fundi wa stika na fundi wa kudarizi wanaweza kuusoma. Kumkabidhi dizaina wako sehemu ya kwanza ya ile karatasi ya maamuzi, kwa maandishi na kwa nyongeza ya mshahara. Na kuhamisha akaunti. Baada ya hapo unaweza kumbakisha kwa siku moja kila baada ya miezi mitatu, aje apitie meza tu.

Malipo ya mwezi huo yagawe mara mbili, na hili liwemo kwenye mkataba tangu mwanzo. Nusu ya kwanza kwa siku zilizofanyika. Nusu ya pili mhasibu ailipe baada ya kufungua kila akaunti yeye mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, yaani tovuti, jina la tovuti, Instagram, programu ya kuchorea na ghala la picha, kwa nywila mpya ambazo aliyeondoka hazijui.